Waliokuja Kumuulizia Rawiya

Dusuq, 4 Oktoba 1994

Kwa mwanangu Rawiya, mboni ya jicho langu,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu yetu ni juu yako wewe na Nesma. Baba yako anakusalimu, goti bado linamsumbua lakini jana alitembea mwenyewe mpaka msikitini, akarudi akijisifu hadi tukachoka. Kaka yako Shihata anakusalimu, ndiye anayenisomea barua zako, maana macho yangu na herufi zako ndogo hayapatani. Mkewe Buthayna anakusalimu, amenuna tangu Jumamosi, hatujui kwa nini na tunaogopa kuuliza. Shangazi yako Hamida anakusalimu na anasema sufuria lake hajalisahau. Watoto wa Shihata wanamsalimu Nesma mmoja mmoja, wamenizunguka hapa wananigusa mkono nikosee. Hata mabata bukini wangekusalimu kama wangejua kuandika, maana kelele wanazo za kutosha.

Mwanangu, barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno. Mtu mwenye raha haandiki hivyo. Hujasema unakula nini, hujasema kile kiwanda cha mashati kinakupa kazi au kimekuweka tena nyumbani.

Nakuuliza kwa sababu mama yake Fathallah alikuja hapa. Alikaa kwenye benchi letu, akanywa chai yangu, akaanza kuzunguka. Akasema amesikia nyumba unayokaa huko Iskandaria haina uhakika. Akasema mjukuu wake ni mtoto wa kike, hawezi kulala leo hapa kesho pale, na kama huna paa la kueleweka mwanawe atakwenda mahakamani amchukue Nesma. Nikamuuliza huyo mwanawe aliyekuacha bila hata mkeka atamlisha mtoto nini, upepo? Hakukasirika. Alifunga mtandio wake akasema, "Cheka tu, Mama Shihata. Hakimu hacheki."

Alipoondoka nikategemea kaka yako atasema neno la kunipoza. Akasema ukikosa nyumba urudi hapa peke yako, na mtoto aende kwa babake, kwani hapa tumeshabanana. Usimchukie, ni mdomo wake tu. Lakini sijalala.

Je, ni kweli habari ya nyumba? Nijibu haraka, hata mistari miwili.

Mama yako,
Zannuba

*

Iskandaria, 11 Oktoba 1994

Mama mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo kwa Baba. Nawasalimu wote, na Kaka Shihata kwa taabu ya kunisomea.

Sisi wazima. Nesma ameota jino la mbele, anamwonyesha kila anayepanda ngazi. Kazi ipo. Nyumba haina neno, mama yake Fathallah anapenda kusikia vitu.

Lipo jambo moja. Huenda siku hizi watu wakaja hapo nyumbani kuniulizia. Wapokeeni vizuri, semeni mazuri mnayoyajua, na habari ya deni la friji msiitaje. Siwezi kueleza zaidi kwenye barua. Mama, wewe utaelewa mwenyewe.

Binti yako,
Rawiya

*

Dusuq, 19 Oktoba 1994

Kwa Rawiya wangu, bi harusi inshallah,

Leo salamu nitazikata. Wote wanakusalimu, na Buthayna amecheka.

Wamekuja. Mwanamke mnene mwenye mkoba mweusi, na mumewe, wanakaa Fuwwa, wakasema wametumwa na watu wa Iskandaria waje kukuulizia. Nikasema moyoni alhamdulillahi, ndiyo maana mtoto aliandika kwa kuficha, ameona haya kwa sababu barua inasomwa na kaka yake. Nilielewa, mwanangu, hukuwa na haja ya kuongeza neno. Nikachinja bata bukini pale pale.

Yule mwanamke akauliza kama u mtulivu. Nikamwambia ulipokuwa hapa majirani hawakujua kama nina binti. Akauliza kazi yako ni gani na kama ni ya kudumu. Hapo nikaona mtego. Mwanamume gani anataka mke wa kushinda kiwandani? Nikasema kazi yenyewe ni ya kupitisha muda tu, ukiambiwa uiache unaiacha, hata kesho asubuhi. Mumewe akakohoa. Akataka kujua sasa utaishi kwa nini. Nikacheka mpaka nikaona haya, nikamwambia, "Baba, si hilo ndilo lililowaleta?"

Wakauliza habari za mtoto. Nikasema mtoto si mzigo kwa mtu, nitamlea mimi, ila likizo zote atakaa kwako. Wakauliza kama huwa unapata wageni. Nikajua wanataka kuona kama una watu nyuma yako, usije ukaonewa. Nikawaambia ni wengi, kila sikukuu tutakuja sote na watoto, na ukijifungua nitakuja kukaa siku arobaini na Hamida atanisaidia, na kuku tutawaleta wakiwa hai tuwafuge juu ya paa.

Mwisho yule mwanamke akauliza waziwazi kama ni kweli kuna deni. Uliniambia nisitaje, lakini alikwisha kusikia, ningekana ningeonekana mwongo. Nikasema lipo dogo la friji, na huyo atakayekuchukua, akiwa muungwana, atalibeba wala hatanung'unika.

Wakatazamana. Wali waliuacha nusu. Nikasema ni haya, watu wa Fuwwa wana adabu.

Sasa niambie wewe. Jina lake nani? Kazi yake nini? Na kabla ya yote, ana nyumba? Jibu haraka, baba yako ameshanyoa.

Mama yako,
Zannuba

*

Iskandaria, 22 Oktoba 1994
Kwa mkono wa Hamdi dereva, apewe Mama peke yake

Mama,

Barua hii isome mwenyewe, taratibu, asikusomee Shihata. Nimeandika herufi kubwa.

Hakuna mchumba. Wale walikuwa dada na shemeji wa mwenye nyumba ninayotaka kupanga. Ni kosa langu, niliandika kwa mafumbo nikimwogopa Shihata, na wewe ungejuaje?

Nyumba ninayokaa mwenyewe anaitaka. Mwanawe anaoa, na mwisho wa mwezi huu lazima nitoke. Nimezunguka Karmuz yote, Muharram Bek, Ghayt el-Inab. Kwa mwanamke aliyeachwa kwanza wanauliza mume yuko wapi. Nikishavuka hapo wanauliza mshahara ni kiasi gani, nami siwezi kusema, maana nalipwa kwa kila shati ninalotia vifungo, na kitambaa kisipofika silipwi. Nikivuka na hapo wanakwenda kwa mwenye duka la vyombo vya umeme, kwa kuwa huku kila mtu anamjua kila mtu, naye anawaambia jina langu lilifikishwa mahakamani kwa hati za deni la friji. Friji aliinunua Fathallah. Aliyetia saini ni mimi. Yeye aliondoka nayo, mimi nikabaki na saini.

Bibi Inshirah wa Ghayt el-Inab, mjane, ndiye pekee ambaye hakunifungia mlango. Ana vyumba viwili juu, vina dirisha la upande wa mfereji. Alisema mpangaji yeye humuulizia kwao alikozaliwa, wala hawaulizi wauza friji. Nikafurahi. Nikasema kwetu watanisemea.

Jana aliniita. Hakunikaribisha kukaa. Akasema, "Mama yako ametuambia kazi utaiacha, ndugu zako watahamia na kuku wao, na deni lako nilibebe mimi." Mama, nilitaka kucheka na kulia. Nikamweleza. Akasema huenda ni kweli na huenda nimebuni ngazini nikipanda.

Mwingine kule Karmuz yuko tayari kunipokea leo, lakini anataka hati ya amana. Unaijua: unatia saini kwamba umepokea pesa za mtu umshikie, na kiasi kinaachwa wazi. Siku ukichelewa kodi anajaza anachotaka, na polisi hawakuulizi habari ya kodi, wanauliza amana ya watu iko wapi. Nimekataa. Si ndivyo alivyofungwa Dawlat wa mtaa wa nyuma, kwa vyombo vya harusi ya bintiye? Nikifungwa mimi, Nesma atakwenda kwa nani?

Kaka yake Fathallah alipita hapa Jumatano kujifanya anasalimia. Alihesabu mafurushi niliyoyafunga. Ikifika tarehe moja nikiwa sina mlango wa kufunga kwa ndani, watamchukua, na hakimu atawapa.

Nakuomba jambo moja tu. Mwandikie Bibi Inshirah kwa mkono wako. Mwambie ukweli wote, hata ule mbaya. Mpe Hamdi leo leo, anarudi kesho.

Rawiya

*

Dusuq, 23 Oktoba 1994

Kwa Bibi Inshirah wa Ghayt el-Inab,

Assalaam aleikum. Mimi ni Zannuba, mama yake Rawiya, yule aliyewaharibia wali dada yako na mumewe. Wewe hunijui, lakini nakusalimia kwa heshima, na uwasalimie watoto wako, na Mungu amrehemu marehemu mumeo. Mwandiko wangu ni mbaya, nilikaa shule miaka miwili tu. Usinicheke, au cheka kisha uendelee kusoma.

Mimi nilidhani wamekuja kuposa. Kwetu mtu akiulizwa habari za binti aliyeachwa, anadhani nini kingine? Kila nililosema nilisema kama mama wa bi harusi. Sasa nitasema kama mama wa mpangaji, na ukitaka nitaapa.

Kazi hataiacha. Ataifanya hata akiumwa, nimemwona akitia vifungo na homa. Lakini sitakudanganya kuwa ni kazi ya kutegemewa. Ipo miezi anayoleta pesa nzuri, na upo mwezi kitambaa hakiji akakaa. Akikaa hujaza mito ya watu pamba, husafisha samaki sokoni, hakai bure. Atachelewa kodi siku moja. Nakwambia mapema ili siku hiyo usiseme nilikuficha.

Deni ni kweli. Mumewe alimwambia weka jina lako, kwa kuwa wewe hujawahi kudaiwa, naye akaweka, kama sisi sote tunavyoweka tunapoambiwa na waume zetu. Sijui kama wewe hukuwahi.

Hatutakuja na kuku. Nitakuja mimi peke yangu, ukiniruhusu, na nitalala kwenye ujia wa jikoni.

Mtoto ana miaka sita. Anapanda ngazi kwa kelele, hilo pia ni kweli.

Bibi Inshirah, wanamngojea akose mlango ili wamchukue mtoto. Sina maneno mengine. Nijibu kwa Hamdi kabla siku hazijaisha.

Zannuba, Mama Shihata

*

Iskandaria, 25 Oktoba 1994

Kwa Mama Shihata,

Wa aleikum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili na sikucheka.

Mimi ni mjane, nakula kwa vyumba vile viwili. Mpangaji aliyepita alikuwa na mama yake pia, naye aliniapia kwa kila kitu kitakatifu. Wakaondoka na kodi yangu ya miezi mitano, na milango miwili wakaing'oa. Maneno mazuri nimeshalipwa nayo, sokoni hawayapokei.

Binti yako namwamini kidogo, kwa sababu alikataa kutia saini hati ya amana kule Karmuz. Mtu asiye na nia ya kulipa hutia saini upesi. Lakini saini yake hainifai, hana kitu cha kumshikia. Dada yangu ameniambia nyumba ya hapo Dusuq ni yako, umeirithi kwa baba yako, si ya mumeo.

Hati ninayoitaka ni ya kwako. Kiasi kiachwe wazi, ndivyo tunavyofanya wote. Dada yangu wa Fuwwa anayo karatasi. Ukienda kabla ya Jumapili, ufunguo ni wa Rawiya. Usipokwenda sitakulaumu, na mimi usinilaumu.

Inshirah

*

Dusuq, 30 Oktoba 1994

Kwa mwanangu Rawiya, roho yangu,

Baba yako anakusalimu, Shihata anakusalimu, Buthayna amenuna tena na safari hii tunajua, ni juu yangu, kwa kuwa nilitoka asubuhi bila kuaga na nikarudi na baridi. Hamida anakusalimu.

Habari njema. Nenda kesho kwa Bibi Inshirah ukachukue ufunguo. Nimemwandikia kama ulivyosema, ukweli wote na ule mbaya, naye ameniandikia akakubali. Kumbe ni mtu mwenye huruma, sura yake tu ndiyo kali. Alisema barua yangu ilimtosha. Hakutaka kitu.

Najua utauliza, basi nakujibu kabla. Hakuna aliyetia saini chochote. Ingia kwa moyo mweupe, tandika kitanda cha mtoto kwanza, mama yake Fathallah akija akikute kimetandikwa. Mlango uufunge kwa ndani hata mchana.

Shihata hajui lolote, nimemwambia umehama ili uwe karibu na kiwanda.

Nijulishe haraka umeingia.

Mama yako,
Zannuba

*

Iskandaria, 14 Novemba 1994

Mama yangu, Mungu akuweke,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa nikisugua kuta.

Tumeingia. Usiku wa kwanza Nesma alilala katikati ya chumba akanyoosha mikono pande zote, akasema anapima. Mama yake Fathallah alikuja na mwanawe mkubwa. Alifungua kabati, akachungulia msalani, akabonyeza godoro. Akauliza karatasi za pango ziko wapi, nikamwonyesha mkataba. Bibi Inshirah mwenyewe akapanda ngazi akamuuliza kama amekuja kukagua au kununua. Wameondoka. Nimesikia wameacha habari ya mahakama, kwa sasa.

Mama, sijui ulimwandikia nini yule bibi. Kila mtu Iskandaria anataka saini, na wewe kwa barua moja tu umeufungua mlango. Namwambia Nesma bibi yake ni wakili.

Kiwanda kimesimama tangu wiki iliyopita, kitambaa hakijaja. Lakini safari hii sina hofu kama zamani. Bibi Inshirah angekuwa ameshika hati, ningekuwa nimekwisha kufa. Kwa kuwa hana, atanivumilia mwezi huu, na akikasirika atapiga kelele tu. Pesa niliyokuwa nimeiweka ya kodi nimemnunulia Nesma viatu vya baridi na blanketi, na nimempelekea yule wa friji kidogo, anyamaze. Kodi nitaitoa kazi ikirudi.

Nalala vizuri, Mama. Nimesahau ilivyokuwa.

Binti yako,
Rawiya

*

Dusuq, 16 Novemba 1994

Kwa Bibi Inshirah, dada yangu,

Assalaam aleikum. Nakusalimia wewe na wanao, na dada yako wa Fuwwa na mumewe. Baba yake Rawiya angekusalimu kama angejua nakuandikia. Hajui. Hakuna anayejua hapa, nimekaa nyuma ya tanuri nikiandika, na Buthayna anadhani nakoka moto.

Nimepata barua ya Rawiya kwa mkono wa Hamdi. Nimeisoma mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Nimefika pale aliposema analala vizuri, nikasimama hapo muda mrefu.

Bibi Inshirah, mwezi huu hatakuletea kodi. Pesa ameitumia, si kwa ubaya, ameinunulia mtoto viatu na blanketi. Ameitumia kwa sababu anaamini huna hati. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Nilijua nikimwambia kweli asingeuchukua ufunguo, angekurudishia mbele ya mlango wako, na sasa Nesma angekuwa kwao Fathallah. Sikufikiri kwamba asiyeogopa huchelewa. Siku ile kwa dada yako, nilipokuwa natia saini, kalamu ilinidondoka, akaniuliza kama naogopa, nikamwambia ni baridi. Ilikuwa baridi pia.

Usijaze ile karatasi. Hamdi anakuletea kodi ya mwezi huu ndani ya kitambaa hiki. Nimeanza kuokea watu mikate, nyumba nne za jirani, na harusi moja Ijumaa. Ya mwezi ujao nitaipata pia ikibidi. Rawiya ukikutana naye ngazini mpigie kelele kama kawaida, mwambie umemvumilia mpaka mwezi ujao, na kwamba hutamvumilia tena. Mtishe kiasi. Asizoee. Lakini hati usiitaje. Akijua ipo na jina langu liko chini yake, atahama usiku huo huo kunikomboa, na mtoto atakwenda.

Siku nyingine akichelewa, usimwendee yeye wala polisi. Niandikie mimi kwanza, unipe wiki moja. Usitumie posta, barua za posta hufunguliwa na mwanangu Shihata, naye anadhani nyumba hii itakuwa yake. Mpe Hamdi, anaondoka Iskandaria alfajiri ya Jumamosi.

Nakusubiri kwa Hamdi Jumamosi hii hii. Andika neno moja tu, kwamba umepokea na karatasi bado iko wazi.

Zannuba